Bomba Lisilo na Mwenyewe

Mimi nilitaka kuoa tu. Hili la kuokoa mikoko lilinikuta njiani, nami nikalipokea kwa sababu lilikuja na mshahara, na mwanamume wa Mji wa Kale asiye na mshahara hata paka wa mtaani hawamwamkii. Kabla ya hapo nilikuwa na kijiduka cha kuchapisha na kutoa nakala karibu na Ngome ya Yesu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaandikia waongoza watalii barua za kushtakiana. Siku moja akaingia mama wa makamo, mtu wa bara, msimamizi wa shirika dogo la mazingira lenye ofisi Mbaraki, ghorofani juu ya ghala. Alitaka nimchapishie mchoro mkubwa wenye visanduku na mishale. Printa yangu ikautoa vipande vipande, nikaugundisha mpaka mishale yote ikakutana. Akautazama, akanitazama, akaniuliza kama nataka kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuendesha programu ya kompyuta ya kupangia miradi ya hifadhi. Programu ile haikulelewa na mtu. Ukiifungua haisalimu, haiulizi watu wa nyumbani wameamkaje, inakuuliza tu: mnalinda nini? Unaandika, mikoko ya hori ya Tudor, yaani ule mkono wa bahari unaokizunguka kisiwa kwa upande wa nyuma. Inaitia mikoko hiyo kwenye duara la kijani. Halafu inauliza, bila hata kukohoa: nani anaiharibu? Jibu linaingia kwenye kisanduku, na kisanduku kinapewa rangi kwa kadiri ya ubaya wake, chekundu kikiwa ndicho kibaya kupita vyote. Kisha inataka ujue utafanya nini, lini, nani ataulizwa, kazi ipi isubiri ipi, na mishale itoke wapi iende wapi hadi mikoko ipone. Kwetu mtu akikuuliza maswali hayo kwa mfululizo huo, unamuuliza na yeye kama ametumwa na polisi.

Lakini niliipenda, sisemi uongo. Nilikuwa hodari. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa na mawazo mengi na subira kidogo, mimi nilikuwa na subira nyingi na mawazo yangu yote yalikuwa kwa mwanamke mmoja, kwa hiyo tulifaana.

Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya Tudor. Posa yangu kwao ilikuwa imepokewa, na kilichobaki ni kutajiwa tarehe. Mambo haya kwetu mposaji hajisemei. Anasema mshenga, na mshenga wangu alikuwa ami yangu, mdogo wa marehemu baba, mtu aliyezaliwa kwa ajili ya kutumwa: ana kanzu safi, ana sauti ya taratibu, na anaweza kunywa chai vikombe vyovyote atakavyopewa. Kila akienda Tudor alirudi na salamu, na haluwa, na neno moja: subirini.

Babake mchumba wangu alikuwa na fleti zake ukingoni mwa hori. Alikuwa mzee wa heshima, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono iliyokaa vyema kuliko kofia zote za msikiti wake, na kama Mungu alivyotaka kunichezea, alikuwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya kuihifadhi hori. Yaani mtu niliyekuwa nikingoja anipe binti yake, ndiye niliyekuwa nikimpelekea karatasi za kutia sahihi. Mkwe kwetu hatazamwi usoni. Nilikuwa nikimpa kalamu huku nimeangalia viatu vyangu, na viatu hivyo navijua kila mshono.

Mkutano wa kwanza wa kamati tuliufanya kwenye ukumbi wa shule. Walikuja wavuvi wa kaa, kina mama wa kitalu wanaootesha miche ya mikoko, vijana wawili watatu waliosikia kuna sambusa, na wenye nyumba za ukingoni. Mkubwa wangu aligawa kadi na kalamu nene. Kila mtu aandike kadi moja: ni kitu gani kinachoiharibu mikoko yetu? Kadi zibandikwe ukutani, mimi nizitie kwenye programu.

Hapo ndipo nilipowajua watu wangu. Adabu ya pwani haimruhusu mtu kutaja ubaya wa mwenzake akiwa amekaa mbele yake. Basi ukumbi mzima ukaandika ubaya wa watu ambao hawakuwapo. Watu wa ng'ambo ya hori wanakata miti. Meli zinamwaga mafuta. Kunguru. Wageni. Kizazi cha sasa. Mzee mmoja, mvuvi, aliandika hasadi. Mkubwa wangu akanitazama, akasema tia, ni maoni ya mwanajamii. Nikatia. Programu ikaniuliza hasadi hiyo itapimwa kwa kipimo gani, na mara ngapi kwa mwaka.

Wiki iliyofuata tukafanya mkutano huo huo ng'ambo. Huko tukaambiwa wanaokata miti ni watu wa Tudor.

Na wakati huo wote lilikuwapo bomba. Kila mtu alilijua. Lilitoka chini ya ukuta wa fleti za mkwe wangu mtarajiwa, pana, la kijivu, likimwaga ndani ya hori kila kilichomwagwa na nyumba zile. Maji yakijaa lilizama, ukalisahau. Maji yakipwa lilichomoza, na upande ule wote ulifunga madirisha. Miche ya kina mama iliyopandwa mbele yake ilikuwa ikifa kila msimu, wanapanda, inakufa, na wafadhili walikuwa wameanza kuuliza kama kina mama hao wanajua kupanda.

Katika ule mkutano wa kwanza, mkubwa wangu, ambaye mambo ya ukwe wangu hakuyajua bado, aliuliza mbele ya watu wote, "Na lile bomba pale chini ya fleti, hakuna aliyeliandika?"

Ukumbi ukainua macho kutazama feni. Feni yenyewe haikuwa ikizunguka, lakini tuliitazama kama ndiyo iliyoulizwa.

"Hilo bomba," akasema mwenyekiti kwa upole, "ni la zamani."

"La nani?"

"La zamani sana," akasema mvuvi mmoja, kumsaidia.

Mkubwa wangu akasema, "Jamani, mficha uchi hazai." Kina mama wa kitalu wakajitanda leso vizuri, mtu akaomba dua ya kufunga kikao, na tukala sambusa.

Ofisini nilijaribu kuwa muungwana. Niliandika kisanduku: maji machafu ya majumbani. Programu ikataka niweke alama kwenye ramani. Nikaweka alama katikati ya hori, kwenye maji, mahali ambapo hata samaki hakai. Mkubwa wangu akaja nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akatazama.

"Hapo pana nyumba?"

"Hapana, madamu."

"Basi maji machafu ya majumbani yanatoka nyumba gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, posa, ami, tarehe, haluwa. Akaweka kikombe chini. Nilidhani atanihurumia, na kweli alinihurumia, lakini kwa namna ya watu wa bara, ambao huruma yao haibadilishi kitu. Alisema, "Kina mama wale watanyang'anywa kitalu chao kwa sababu ya bomba ambalo halina mwenyewe. Wewe amua. Mimi siwezi kuligusa hilo bila kukuvunjia nyumba."

Nilikaa na kile kisanduku adhuhuri nzima. Nilikasirika. Nilimkasirikia mkubwa wangu kwa kuniachia, nikaikasirikia programu kwa kutokujua aibu, nikamkasirikia mzee kwa kujenga nyumba nzuri zenye choo kibaya. Nyumba zile alizijenga zamani, mtaro wa maji taka haujafika upande ule na mpaka leo haujafika, na kila mwenye nyumba alifanya vivyo hivyo. Hilo nilijua. Nilijua pia kwamba miche haielezwi sababu ikaelewa, inakufa tu. Nikaiondoa alama majini, nikaipeleka mahali pake, nikaandika Bomba la fleti, Tudor, na nikakipa kisanduku rangi yake.

Kamati ilikutana tena, tukawasha projekta. Mchoro wote ukakaa ukutani: duara la kijani, mishale, hasadi yetu kwenye kona ikiwa na rangi ya manjano, na katikati, chekundu, bomba. Mzee akavaa miwani. Akausoma mchoro wote kwa utaratibu, kuanzia juu, kama mtu anayesoma tangazo la kifo la jamaa wa mbali. Alipofika kwenye chekundu akakaa hapo.

"Mashallah," akasema. "Mumefanya kazi. Na rangi zenu ni nzuri."

Ungekuwa wa mahali pengine ungefurahi. Mimi nilikwenda kuizima projekta. Mtu wa Mombasa akikasirika kidogo hugomba. Akikasirika sana hukusifu rangi.

Tangu siku hiyo posa ikaingia baridi. Ami aliendelea kupokewa, akakalishwa kwenye kiti kile kile, akapewa chai ile ile, lakini haluwa ikakoma. Kwetu mtu hakataliwi waziwazi. Anaendelea kunyweshwa chai hadi atanabahi mwenyewe. Ami alikuwa mzoefu, alitanabahi mapema, ila hakutaka kunivunja moyo, basi akawa ananiletea salamu ambazo nilijua amezitunga njiani.

Mchumba wangu akanipigia simu. Hakunisalimu.

"Umemtia babangu kwenye kisanduku?"

"Si yeye. Bomba."

"Bomba limejijenga?"

"Nimeandika Tudor tu. Sikuandika jina."

"Tudor yote ni mabomba? Wewe wajua kwamba fleti zile ndizo zilizonisomesha? Kodi za wapangaji wale ndizo karo yangu. Hii sayansi ninayoisomesha imetoka kwenye bomba hilo hilo." Nikasikia watoto wa shule wakipiga kelele nyuma yake. "Tangu mdogo mamangu alinifundisha kufunga dirisha maji yakipwa. Hakuniambia kwa nini. Nilidhani watu wote hufunga."

Kisha akakata simu, na siku nyingi hatukuzungumza. Zilikuwa siku mbaya. Nilikuwa naenda Mbaraki, nachora mishale ya watu wengine, narudi nyumbani, mamangu ananiangalia nikila, halafu anaangalia ukuta. Nilimtamani mwanamke yule mpaka nikawa naipenda hata sauti yake ya kunigombeza. Hilo linaonyesha hali niliyofikia.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, ami akaja nyumbani kutoka Tudor. Alikaa barazani, akavua kofia, akaipuliza vumbi ambalo halikuwapo, akaivaa tena.

"Mwanangu, kaa kitako."

Nikakaa.

"Bibi arusi amesema. Mamake amemuuliza yuwataka mahari gani, naye amejibu."

Nikamsogelea. Mwanamke akishaulizwa mahari, mlango haujafungwa. "Amesema nini, ami? Dhahabu?"

"Si dhahabu."

"Vitanda? Kabati?"

"La." Akatazama upande wa bahari, akatazama upande wa nyumba za watu, akateremsha sauti. "Yuwataka choo."

"Choo?"

"Si choo chenyewe. Shimo la choo. Lichimbwe shimo la maji taka uwanjani kwa babake, na lile bomba lifungwe lisimwage baharini tena. Hayo ndiyo mahari yake, hataki jengine." Akajipangusa uso. "Wallahi nimeposa mara nyingi katika umri wangu. Nimeombwa pete, nimeombwa cherehani, nimeombwa safari ya Makka. Haya leo ndiyo mapya."

Nilicheka hadi mamangu akatoka kuangalia. Kisha sikucheka. Nilimpigia mchumba wangu, na safari hii alinisalimu.

"Baba hawezi kuambiwa na kamati," akasema, "hawezi kuambiwa na mtu baki, na mimi mwanawe siwezi kumwambia. Lakini mahari ni haki yangu. Hata yeye hawezi kuyatia mkono."

"Na mimi nitalichimba na nini? Uwanja ule ni mwamba."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, na nikamsikia akitabasamu. Pesa nilizokuwa nimeweka za ukumbi, za mapambo na za yule mpiga picha mwenye ndege ya kamera, nikazihamisha zote kwa fundi wa mashimo kabla ya simu kukatika.

Sasa ikabaki ruhusa, maana huwezi kuingia na nyundo kwenye uwanja wa mtu kwa sababu tu unampenda binti yake. Ami akarudi Tudor. Mzee akampokea, akampa chai, na, alhamdulillahi, haluwa. Akasikiliza mahari ya binti yake mpaka mwisho bila kubadilika uso. Kisha akatoa jibu, na jibu lile lilitungwa na mtu mwenye akili.

"Mwambie kijana nimesikia," alisema. "Mahari ni ya mwanamke, mimi sina neno. Lakini uwanja wangu hauchimbwi na mtu baki. Siku atakapokuwa mwanangu, na aje achimbe."

Nikaenda ofisini, na kwa kuwa nilikuwa sina pa kuupeleka uchungu, nikafungua mradi mpya kwenye programu, nikauita Ndoa. Nikaweka kazi zote. Ndoa isubiri mahari. Mahari yasubiri shimo. Shimo lisubiri ruhusa ya mzee. Ruhusa ya mzee isubiri ndoa. Nikachora mishale, nikabonyeza. Programu, ambayo ilikuwa imeikubali hasadi bila kinyongo, hili ikalikataa. Ikatoa onyo jekundu kwamba kazi zangu zinazungukana na hakuna hata moja inayoweza kuanza.

Mkubwa wangu alipouona mchoro ule alivua miwani, akashika ukingo wa meza, akacheka mpaka wahudumu wa ghala chini wakanyamaza kusikiliza. Mimi nilikuwa nimekaa tu. Alipopata pumzi akaniwekea mkono begani. "Katika mambo haya," akasema, "ukiona duara, tafuta kazi moja ambayo yaweza kuanza bila kukamilika. Nyinyi hamna kitu kama hicho?"

Tunacho. Nilikwenda kwa sheikh wa msikiti wetu, mtu makini, asiyependa mzaha katika mambo ya dini wala, kwa kweli, katika mambo mengine. Nilimweleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Aliniuliza maswali mengi kuhusu mwelekeo wa bomba kuliko nilivyotarajia. Akasema mahari yaweza kuwa kazi, si lazima yawe mali, mradi faida imrudie mwanamke mwenyewe na si babake. Nikamwambia mzee amemtengea binti yake fleti ya chini, ya upande wa maji, kama ilivyo ada mwanamke kupewa pa kukaa na babake, na dirisha la fleti hiyo linaangalia bomba. Akasema basi faida ni yake, ya pua yake. Akasema tena kwamba mahari si lazima yatolewe yote siku ya nikaha. Yaweza kuahirishwa, yakabaki deni shingoni mwa mume hata siku ya kufa.

"Kwa hiyo naoa kwanza, halafu nachimba?"

"Unaoa kwanza, halafu unachimba. Na usipochimba utaulizwa na Mungu."

Nilirudi ofisini nikaugeuza mshale mmoja. Onyo likaondoka.

Mzee alipoletewa habari hizi alikubali upesi mno, na ami akashuku. Sababu akaigundua siku mbili kabla ya nikaha. Mzee alikuwa amewaomba watu wa nyumbani kwake, kwa upole wake, kwamba msikitini isitajwe kazi yoyote. Yeye angesema tu "kwa mahari mliyokubaliana," watu waitikie, waende wakale biriani. Na likiisha kusemwa hivyo, bila kutajwa, deni lile lingekuwa neno kati ya watu wachache waliofundwa kutokuulizana. Miaka ingepita. Nilimwona waziwazi mzee mwenzake wa baadaye, yaani mimi, nikimwambia mtu kwamba bomba lile ni la zamani sana.

Ami hakusema neno kwa mzee. Alikwenda kwa sheikh, akamsalimia, akamuuliza tu kama mtu anayeuliza saa: hivi mahari yakiwa ni kazi, si yatajwe?

Nikaha ilikuwa baada ya swala ya alasiri, katika msikiti wa Tudor, msikiti wa mzee mwenyewe. Ulijaa. Watu wa kamati walikuwapo, wavuvi wa kaa wamevaa kanzu zilizokunjwa tangu Idi, na nje, upande wa wanawake, kina mama wa kitalu. Mkubwa wangu alisimama uani kwenye kivuli, kajifunga mtandio, anajipepea. Nilikaa kwenye zulia, goti kwa goti na mkwe wangu. Akanishika mkono wa kulia, gumba kwa gumba, na sheikh wa msikiti wetu, aliyealikwa kuifungisha ndoa, akatufunika kwa kitambaa cheupe.

Mzee akaanza vizuri. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Nimekuoza binti yangu, kwa mahari mliyokubaliana..."

"Yatajwe, mzee," akasema sheikh. Hakuinua sauti. "Mahari yakiwa ni kazi sharti yajulikane, yasije yakawa na shaka. Kazi gani?"

Msikitini mtu akakohoa, mwingine akamkohoa aliyekohoa.

"Kazi ya kuchimba shimo," akasema mzee.

"Shimo la nini?"

"La maji taka."

"Wapi?"

"Uwanjani kwangu. Na kufunga bomba."

"Bomba la nani?"

Nilisahau adabu yote niliyofundishwa, nikainua macho, nikamtazama mkwe wangu usoni. Naye alikuwa akinitazama. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya ile kofia, na nilimwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea mtu. Nilitaka kumwambia aache, basi, imetosha, na hapo hapo nilitaka aseme, nilitaka kwa roho yangu yote. Watu wote waliomwogopa na kumpenda walikuwa nyuma yake wakisubiri, na hakuna aliyetazama feni.

"Bomba langu," akasema. Akakohoa, akarudia kwa sauti iliyotoka mpaka mlangoni kwenye viatu. "Nimekuoza binti yangu, kwa mahari ya kulifunga bomba langu linalomwaga uchafu wangu katika hori ya watu."

Nje, upande wa wanawake, mtu mmoja alianza kupiga kigelegele, akakikatiza katikati. Sheria inamtaka mume ajibu mara moja bila kuchelewa, na mimi jibu langu nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima, lakini nilikuwa bado namtazama. Nilimpenda mzee yule pale pale, kabla sijawa mwanawe. Nikaukaza mkono wake, nikamwambia nimekubali.